Siku Nyambura Alipoingia Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, na kabla ya saa nne nilikuwa nimevivua. Darasa nililopewa lilikuwa stoo ya kanisa moja mjini Thika, nyuma ya viwanda, na sakafu yake ilikuwa ya udongo. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake wa rika la mama yangu, pamoja na wanaume watatu waliokaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Baadhi ya wanawake walikuwa wametoka zamu kiwandani, nyuzi za pamba bado zimeshika kwenye vitambaa vyao vya kichwa. Mimi nilikuwa msichana mwenye cheti kipya na sauti kubwa. Nilisema, "Hamjambo, wanafunzi," kama nilivyozoea kuwaambia watoto wakati wa mafunzo, na hakuna aliyeitikia.

Aliyeniokoa ni mkubwa wangu wa kwanza, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya, mzee mwembamba aliyependa kusimama mlangoni bila kuingia. Aliniita nje. "Mwalimu," akaniambia, "hapa hakuna mtoto. Hawa wana wajukuu. Ukimkaripia mmoja leo, kesho utafundisha viti." Nilirudi ndani, nikamwendea kila mmoja, nikamsalimia kwa mkono na kumuuliza anaitwa mama nani au baba nani. Somo letu la kwanza likawa majina.

Kazi yenyewe iliitwa elimu ya watu wazima kwenye barua za serikali, lakini mtaani iliitwa gumbaru, na neno hilo lilisemwa kwa kicheko. Mwenye mvi akionekana na daftari mkononi, watu waliambiana kwamba naye ameingia shule ya nasari. Ndiyo maana wanawake walileta vitabu ndani ya viondo vyao vya sokoni, wakavifunika kwa sukuma wiki. Namna ya kufundisha pia ilikuwa tofauti. Mtoto huanza na a, e, i, o, u. Mtu mzima hana subira hiyo. Unamtafutia neno analolitumia kila siku, kama maji au shamba, unalikata vipande, kisha unampa vile vipande ajenge maneno mengine. Lile la kukata tuliliita neno la msingi. Lakini kabla ya hayo yote kila mmoja alitaka kujua kuandika jina lake, ili aache kuweka kidole gumba kwenye wino mbele ya karani wa kahawa. Nimemwona mama mzima akilia kwa sababu ya herufi chache za jina lake, na mimi nikalia naye.

Huenda unajiuliza uchaguzi unaingia wapi hapa. Wakubwa waliona kwamba sisi walimu wa gumbaru tunawajua wasiojua kusoma, tena tunajua kuongea nao bila kuwaaibisha, kwa hivyo kila uchaguzi ulipofika tuliazimwa tukafanye kazi ya ukarani. Mara yangu ya kwanza ilikuwa wakati wa mlolongo. Vijana hamkuuona, na mshukuru. Hapakuwa na karatasi wala kibanda. Mawakala wa wagombea walisimama uwanjani wakiinua picha, watu wakajipanga nyuma yao, na sisi tukapita tukihesabu vichwa. Nakumbuka mama mmoja aliyejipanga nyuma ya picha aliyoitaka, huku mumewe akiwa kwenye mstari wa pili. Mume alipiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Wee! Mama Njeri! Umepotea mstari!" Mama akacheka kwa aibu, akaokota kiondo chake, akavuka. Watu wakacheka naye. Mimi nilimhesabu kule alikovukia, kwa maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Karatasi za siri ziliporudi nilifurahi mno. Nilidhani mambo ya kuitana uwanjani yamekwisha. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Ruiru, nikifundisha Gitothua kwenye chumba kilichoshikana na ofisi ya chifu, na katika uchaguzi nikapandishwa kuwa naibu wa msimamizi wa kituo. Hapo ndipo nilipokutana na mtu anayeitwa msaidizi wa mpiga kura.

Sheria yake ni nzuri ukiisoma. Asiyeona, au asiyejua kusoma, anaruhusiwa kuingia kibandani na mtu anayemwamini. Huyo msaidizi anakula kiapo mbele ya msimamizi wa kituo kwamba ataweka alama pale atakapoambiwa, na kwamba hatatoa siri. Asiyekuja na mtu anasaidiwa na msimamizi mwenyewe, lakini mbele ya mawakala wa wagombea, ili wahakikishe kura yake haipindwi. Sasa mfikirie mama wa Gitothua asiyejua kusoma. Akiingia na mumewe, mumewe anajua. Akikataa kuingia naye, itabidi alitaje chaguo lake kwa mdomo mbele ya mawakala, na mawakala wenyewe ni majirani wa mumewe, jioni wanakaa naye kilabuni. Siri yake haikuwa na mahali pa kukaa. Basi waume walikuja mmoja mmoja, wamewashika wake zao kiwiko. "Mimi ndio macho yake," walisema, na wengi walisema hivyo kwa fahari, tena kwa mapenzi.

Jambo hilo lilinikera hadi nikalipeleka kwa Msimamizi wa Uchaguzi, aliyekuwa na mamlaka juu ya vituo vyote vya eneo letu la bunge. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya redio. Niliomba wanawake wawe wanaitwa pembeni kwanza, waulizwe kama kweli wanamtaka msaidizi huyo. Alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, sheria inasema mtu anayemwamini. Sasa unataka ninunue mizani ya kupima watu wanaaminiana kiasi gani?"

"Nataka waulizwe tu, mkubwa."

"Wataulizwa, watasema ndiyo, halafu watarudi nyumbani na huyo huyo mume." Akaendelea kupanga mihuri yake. "Kazi yetu ni kura. Ndoa za watu tuwaachie mapasta."

Nilirudi darasani nimekunja uso. Nikaamua kwamba dawa ya jambo hili iko ubaoni: mama akijua kusoma, hakuna atakayesema ni macho yake. Nikabuni somo la karatasi ya kura. Sikutaka kutaja chama wala mtu, kwa hivyo wagombea wangu walikuwa mboga: Sukuma, Kabichi, Managu na Terere. Nilichora picha, nikaandika majina, na wanafunzi wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Managu alishinda karibu kila mara. Kuna mama aliyeapa kwamba Kabichi ameiba kura, akasusia darasa wiki nzima. Somo hilo nilitembea nalo popote nilipohamishwa, na nilijivunia kama fundi anavyojivunia kifaa alichokitengeneza mwenyewe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Gatongora. Mashamba ya kahawa niliyoyajua zamani yalikuwa yamegeuka ploti, na ploti zikageuka nyumba za kupanga, lakini katikati ya ghorofa hizo walikuwamo bado wazee wasiojua kusoma. Mmoja wao aliitwa Nyambura. Aliuza mboga kando ya barabara, karibu na steji ya matatu, chini ya mwavuli mkubwa wa rangi uliochakaa. Siku aliyojiandikisha nilimuuliza swali nililomuuliza kila mtu, kwamba akijua kusoma atafanya nini. Wengi husema Biblia. Wengine husema simu, wasisomewe ujumbe wao na watoto. Nyambura alisema, "Nataka kupiga kura peke yangu."

Darasa likapiga makofi.

"Na Baba Muthoni anajua?" jirani yake akamuuliza. Muthoni ndiye kifungua mimba wao.

"Anajua nakuja kusoma Biblia," Nyambura akasema, na wote wakaangua kicheko.

Usimchukie Baba Muthoni mapema. Jina lake ni Kimani. Aliendesha lori la mawe ya machimbo hadi mgongo ukamkatalia, akabaki nyumbani akifuga kuku. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Mvua ikinyesha, yeye ndiye aliyetoka kwenda kumsaidia kufunga mboga. Tangu waoane alikuwa amempeleka kupiga kura kila uchaguzi, wamevaa vizuri, wakitembea bega kwa bega, na kwake ilikuwa kama kumpeleka kanisani. Siku hizi karatasi zina picha, na hata asiyejua kusoma anaweza kujitahidi. Lakini kura ni sita kwa siku moja, kila karatasi na rangi yake na debe lake, na aliyezoea kushikwa mkono huogopa. Kimani alizijaza zote sita, akamwambia mkewe tayari, wakarudi nyumbani.

Nyambura hakuwa mwepesi wa kusoma. Jina lake mwenyewe lilimsumbua miezi. Lakini alikuwa na ukaidi wa mtu anayesimama juani kutwa nzima kuuza mboga. Mwaka wa pili alianza kusoma mabango ya barabarani, na kila asubuhi aliniletea habari zake: kuna chumba cha kupanga, kuna pasta anayeombea wagonjwa, kuna mtu anachimba visima. Nilipomsikia akisoma bango la tangazo la maji kuanzia juu hadi chini bila kusimama, nilijua yuko tayari.

Uchaguzi ulipofika, kiti cha mwakilishi wa wadi kiligombewa na watu wawili wa nguvu. Mmoja aliuza simiti na mabati, rika la Kimani, walitahiriwa msimu mmoja. Wa pili alikuwa mama aliyewahi kuwa nesi, akaongoza vyama vya akina mama mtaani. Wanaume wa yule wa simiti walipita wakihesabu kura kwa nyumba. Kwa Njoroge tano, pamoja na vijana. Kwa Kimani mbili. Wanawake hawakuulizwa, na Kimani alizitoa zile kura mbili mbele ya wenzake kilabuni kama mtu anayetoa neno lake. Upande wa pili, darasani kwangu, akina mama walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Nyambura ni wao. Mimi sikutaja upande wowote, kazi hainiruhusu, lakini masikio ninayo.

Nilikuwa msimamizi wa kituo katika shule moja ya msingi hapo Gatongora. Walikuja jua likiwa limeshapanda, Kimani na koti lake la harusi, Nyambura na gauni la kanisani. Kimani alipiga kura yake kwanza, akachovya kidole kwenye wino, kisha akarudi kusimama kando ya mkewe mezani. Mashine ikasoma kidole cha Nyambura, sura yake ikatokea kwenye kioo.

"Andika mimi ndio msaidizi," Kimani akamwambia karani. "Ni kama siku zote."

Karani akaniita, kwa sababu kiapo huliwa mbele yangu. Nilimwendea Nyambura wala si Kimani, maana ndivyo utaratibu ulivyo. "Mama, unahitaji kusaidiwa?"

Mawakala walikuwa kwenye benchi lao, na yule wa muuza simiti aliacha kuchezea kalamu. Mlangoni foleni ilisimama ikisikiliza. Nilitamani kumtia moyo kwa neno moja tu, lakini msimamizi haruhusiwi hata kutabasamu.

"Hapana," Nyambura akasema. "Najua kusoma."

Kimani alicheka, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Anajua kusoma Zaburi," akawaambia mawakala, nao wakacheka. "Haya twende, Mama Muthoni, tusicheleweshe watu."

"Baba Muthoni, ningoje huko nje."

Alisema polepole, kwa adabu, lakini chumba kizima kilisikia. Kimani akanitazama mimi. Ilinibidi nimwambie kwamba aliyekwisha kupiga kura hakai ndani ya kituo. Alitoka kinyumenyume, kama anavyotoka mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, na watu wa foleni wakampisha. Nyambura alikaa kibandani hadi watu wakaanza kunung'unika. Kisha akatoka na karatasi zake, akalinganisha kila moja na kifuniko cha debe lake, akazitumbukiza zote sita bila kukosea. Nilimchovya kidole mwenyewe. Nakwambia nilifurahi kuliko siku niliyopokea cheti changu.

Furaha hiyo haikufika mbali. Muuza simiti alishindwa, tena kwa kura chache sana hapo kituoni kwetu, kama matokeo yaliyobandikwa mlangoni yalivyomwonyesha kila mpita njia. Wakala wake alikuwa ametangulia kilabuni na habari za Nyambura. "Kimani, ile kura yako ya pili iliruka ua?" wakamuuliza. "Siku hizi kwako nyumbani mnafanyiana kampeni?" Mtu aliyeendesha lori la mawe maisha yake yote akashindwa kuinua macho mezani. Alirudi nyumbani akamuuliza mkewe amempa nani. Nyambura akanyamaza. Kesho yake akamuuliza tena, na kesho kutwa, na kila alipomuuliza Nyambura alimeza maneno yake. Kimani akahamia chumba cha mbele. Akaanza kujipikia chai kwa sufuria yake. Mvua ikinyesha alibaki ndani, na Nyambura akafunga mboga zake mwenyewe, hapo barabarani, mbele ya watu waliojua.

Darasani walimpikia mukimo. Waliimba, wakamkumbatia. "Wewe ndio umetuletea mama kwa bunge ya kaunti!" wakamwambia. "Hakuna mwanaume atatuhesabu tena!" Nyambura alikula kidogo akasema tumbo lina gesi. Kisha habari zikafika kwa Afisa wa Elimu ya Watu Wazima wa kaunti, msichana mwerevu, mkubwa wangu wa mwisho, aliyeweza kuwa mwanangu. Alikuja na gari, akaomba Nyambura asimame kwenye sherehe aeleze jinsi kusoma kulivyomkomboa kutoka kwa mumewe.

"Hii story ni tamu sana, Mwalimu," akaniambia. "Wakubwa wakiiskia watatuongezea madarasa."

Nilimfikishia Nyambura ujumbe huo pale barabarani. Hakuacha hata kukata sukuma. "Mwarimu, mwambie huyo mtoto niko na mboga inanyauka."

Kimani alikuja kwangu jioni moja, amevaa koti lile lile. Nilimpa kiti akakataa, akasimama karibu na geti.

"Mwarimu, wewe ndio ulikuwa hapo. Niambie tu."

"Sikuona, Baba Muthoni. Hakuna anayeona."

"Lakini ulihesabu."

"Nilihesabu karatasi. Karatasi hazina majina ya waliopiga. Na hata ningejua nisingesema, nimeapa."

Aliitikia kwa kichwa muda mrefu. "Mimi sitaki kumpiga. Sitaki kumfukuza. Kama alimpa yule mama, aseme, niwambie wale watu ni kweli, tumalize. Nataka tu kujua nalala nyumba moja na nani." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilikuwa namshika mkono, Mwarimu. Kwani kumshika mkono ilikuwa vibaya?"

Mafunzo yote niliyopewa yalinionyesha jinsi ya kufunga debe la kura, na hakuna aliyenifundisha la kumwambia mtu aliyesimama getini namna hiyo. Nilimwambia arudi akazungumze na mkewe kwa upole. Alinishukuru akaenda zake. Niliwasikia majirani wakisema kwamba upole aliujaribu siku moja, kisha watu wa kilabu wakamchokoza tena, akarudia kuuliza kwa sauti.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Waliniandalia sherehe yenye soda na hotuba, na yule afisa kijana akasema nimewasha taa nyingi. Nilitabasamu. Siku hizi naamka nikiwa sina pa kwenda, nawaza. Madarasa ya gumbaru yamepungua, watu wamesoma, na nilitazamia kwamba wakisoma mambo haya yatakwisha. Lakini mjukuu wangu wa kike, aliyepanga huko Kahawa Wendani na ana digrii yake, alinijia baada ya uchaguzi uliopita akiwa ameudhika.

"Cucu, si mchumba wangu alitaka nimtumie picha ya ile karatasi nikiwa ndani, ndio aamini?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia simu hairuhusiwi huko. Akasema basi anajua penye nimepiga. Hatuongei hadi leo."

Wanaume wa zamani waliingia kibandani kwa miguu yao, na hawa wanataka kuingia kwa simu. Yule Msimamizi wa Uchaguzi mwenye sauti ya redio aliniambia ndoa si kazi yetu, na siku ile nilimwona ni mtu asiyejali. Sasa najuta kwamba hakuna yeyote, si yeye, si mimi, si mapasta aliotaka tuwaachie, aliyewafundisha waume hawa kukaa nje ya mlango kwa muda mfupi na kungoja bila kufa moyo. Tulidhani kazi yote iko kwa wanawake. Tuliwapa wao kusoma, na waume zao hatukuwapa chochote, na nyumba zikabaki na watu wawili wasioongea. Hilo linaniuma kuliko mengine yote ya miaka yangu ya kazi.

Kimani alishikwa na mapafu, vumbi la machimbo labda, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Nyambura alimpelekea uji kila siku na kumnyoa ndevu. Tulimzika kwenye kipande cha ardhi cha ndugu yake. Baada ya mazishi nilikaa wiki kadhaa, nikaenda kumtazama Nyambura pale barabarani. Alinivutia kreti ya soda nikaikalia. Hakuwa na wateja. Tuliongea habari za bei ya nyanya, kisha akasema bila kunitazama:

"Nilimpa yule wake."

"Nani?"

"Ule mtu wa simiti. Mtu wa Baba Muthoni."

Nilidhani huzuni imemchanganya. "Nyambura! Si wenzako wote walisema ulimpa yule mama?"

"Ni wao walisema. Mimi sikusema." Akanyunyizia mboga maji. "Yule mama alisema atatutoa hapa barabarani atupeleke soko ya ndani. Nani atanifuata huko ndani na hii sukuma? Nilisoma kwa kile kikaratasi chake cha kampeni, Mwarimu, mimi mwenyewe, nikarudia. Nikaona hapana. Nikampa wa simiti."

Niliwafikiria wale wanaume wa kilabuni, na mtu aliyesimama getini kwangu na macho mekundu. "Ngai, Mungu wangu. Sasa kwa nini hukumwambia? Neno moja tu na yangekwisha."

"Si ndio nilikuwa nataka kumwambia?" Sauti yake ilipanda, watu wa steji wakageuka. Akaishusha. "Tangu tuoane, habari ya nje ni yeye alikuwa analeta. Barabara amepita, watu amekutana nao. Mimi sikuwa na kitu ya kumpelekea, kwa sababu kila mahali nilienda alikuwa amesimama hapo na mimi. Nikasema, siku moja nitaingia mahali peke yangu. Nitoke, nimpate nje ananingoja, niseme, Baba Muthoni, si nimempa mtu wako? Acheke. Twende tukiongea mpaka nyumbani."

"Na ukatoka."

"Nikatoka, na hakuwa hapo. Nilizunguka shule yote nikimtafuta na hiki kidole cha wino. Usiku akakuja na maneno ya kilabu kwa mdomo, akaniuliza vile polisi anauliza. Nikasema moyoni, si hivi. Ataniuliza vizuri, nitamwambia. Nikangoja." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Alikuwa ananiuliza nimempa nani, hata kwa hospitali. Kwa nini nilitaka kuingia peke yangu, hiyo hakuuliza hata siku moja."

Mteja alifika akataka sukuma ya ishirini. Nyambura alimkatia, akamfungia, akarudi kukaa. Nikamuuliza kama uchaguzi ujao atakwenda.

"Nitaenda," akasema. "Kusoma najua, sitaogopa." Akatazama barabara. "Lakini nikitoka, Mwarimu, nitamwambia nani?"